Okidi imebaki bila mizizi

SWALI: Okidi yangu ya chungu, ile ya maua kama kipepeo, majani yamelegea na kukunjamana. Nimezidisha maji, nayo inazidi kunyauka. Nilipoitoa nikakuta mizizi imeoza. Itapona kweli?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Itapona iwapo kitovu, pale linapochipukia jani changa, bado ni kigumu na cha kijani. Mizizi ya okidi huhitaji hewa. Ikishinda ndani ya maji huoza, na mmea hukauka kwa kiu huku chungu kimelowa.

Minya kila mzizi. Ulio hai ni mgumu. Uliooza ganda lake huvuka kama soksi, ukabaki uzi. Kata yote iliyooza kwa wembe uliopitishwa motoni, upake mdalasini wa unga kwenye vidonda tu.

Chukua ndoo ya plastiki inayopitisha mwanga, yenye mfuniko. Tandaza pamba yenye unyevu chini, kisha egemeza mmea juu ya vijiti, shina lisiguse pamba. Funika, weka penye mwanga lakini si juani, na ufungue dakika kumi kila siku. Mbolea ngoja kwanza.

Adui mkubwa huko kwenu ni baridi ya Juni na Julai: okidi hii hutaka nyuzi 20 hadi 28, hivyo usiku iondoe dirishani.

Mizizi mipya huchukua wiki kadhaa, hata miezi. Ikifika sentimita 5, panda kwenye vipande vya magome ya paini vilivyochemshwa. Majani ya zamani yakibaki na makunyanzi, usiyakate. Ndiyo yanayoulisha mmea.