Usinunue gia boksi kwa sababu ya P0700

Kaka, pole. Umesema pikapu yako ya otomatiki inang'ang'ania gia moja, taa ya injini inawaka, fundi kapima kwa mashine akapata namba ya hitilafu P0700, na sasa anataka ununue gia boksi ya mtumba. Usitoe hela bado.

P0700 haisemi kilichoharibika. Ni kompyuta ya gia boksi inaomba taa iwashwe, basi. Namba yenye maelezo inakaa kwenye kompyuta hiyo, na mashine nyingi za bei rahisi husoma injini tu. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia hadi kwenye gia boksi. Akikuta P0715 au P0720, ni upande wa sensa za mwendo wa shafti: ya kwanza inayoingia, ya pili inayotoka. P0750 ni solinoidi A, yaani vali ya umeme ya kubadilisha gia. Hapo anza na waya na soketi, maana maji na kutu hufanya vurugu kubwa. Mimi niliwahi kulipia gia boksi nzima, kumbe waya ulikuwa umesuguliwa na chesisi. Iliniuma sana.

P0730, yaani uwiano wa gia hauko sawa, ndiyo ya kuogopa zaidi. Huenda klachi za ndani zinateleza. Lakini hata hiyo, angalia oili ya gia boksi kwanza. Ikiwa imepungua, tafuta inakovujia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, fundi wako huenda yuko sahihi.

Na mtu asifute namba hizo kabla hujaziandika zote.