Kundi Moja Kubwa: Ushauri kwa Anayeanza Kufuga Samaki Wadogo wa Mapambo

Mtu akiwa na tangi jipya la kioo nyumbani, akienda duka la samaki wa mapambo hutoka na watatu wa rangi hii, wawili wa rangi ile, na mmoja mwenye mapezi marefu ambaye mtoto amemng'ang'ania. Kila anayeniuliza namwambia neno lile lile: chagua aina moja ya samaki wadogo wapole, nunua wengi, wapandie mimea, halafu uwape muda. Tangi lenye samaki wadogo waitwao tetra, kumi na watano wa aina moja, linapendeza kuliko lenye aina sita zilizochanganywa, na samaki wenyewe huishi kwa raha zaidi.

Tetra na wadogo wenzao, rasbora na danio, huishi kwa makundi makubwa huko walikotoka kwa sababu kundi ndiyo kinga yao. Samaki mwindaji hushindwa kumlenga mmoja kati ya mamia wanaogeuka kwa pamoja. Ukimweka tetra na wenzake wawili tu, anajihisi hana ulinzi: rangi inafifia, anajibanza nyuma ya filta, chakula anakigusa kwa woga. Mara nyingine mwenye nguvu kati ya hao watatu huwafukuza wenzake mchana kutwa. Wauzaji wengi husema sita wanatosha. Kwangu mimi sita ni kiwango cha chini kabisa. Ukifika kumi na wawili na kuendelea ndipo unapoanza kuona mambo: madume wanatunishiana mapezi bila kuumizana, kundi linajikusanya mtu anapopita ghafla, kisha linatawanyika taratibu likishajua hakuna hatari.

Ununue aina gani? Angalia kwanza unaishi wapi, rangi baadaye. Tetra neoni ndiye maarufu kuliko wote, mwenye mstari wa buluu unaong'aa ubavuni na wekundu unaoanzia katikati ya mwili hadi mkiani. Asili yake ni vijito vya magharibi mwa Amazoni, huko Peru, Kolombia na Brazili, na wanasayansi walimpa jina mwaka 1936. Anapenda maji ya nyuzi 21 hadi 25 hivi. Hapa Dar es Salaam mwezi Februari tangi lisilopozwa linafika nyuzi 30 bila taabu, na joto hilo linamchosha neoni na kumfupishia maisha. Ndugu yake, tetra kadinali, aliyepewa jina mwaka 1956, anatoka mito ya Rio Negro na Orinoko, na nyuzi 28 si tatizo kwake. Utamtambua kwa wekundu unaopita mwili mzima, toka kichwani hadi mkiani. Kwa mtu wa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, kadinali ndiye wa kununua, hata bei ikizidi kidogo. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji nayo inashusha nyuzi mbili tatu. Kumbuka tu kuongeza maji yanayopungua kwa mvuke.

Kwa wenzetu wa Nairobi, Arusha au Mbeya mambo ni kinyume. Neoni atawafaa vizuri, ila mwezi wa saba lazima pawe na hita. Asiyetaka hita amtafute danio mwenye milia, samaki mchangamfu wa Asia ya Kusini anayevumilia maji ya nyuzi 18, au yule mdogo wa Mlima Baiyun karibu na Guangzhou, Uchina, anayependa ubaridi hasa. Njombe, Lushoto na Limuru ni mahali pake kabisa. Tetra wa Kongo ni mzuri mno nami nampenda, lakini dume hufika sentimita nane, kwa hiyo mwachie mwenye tangi la lita mia mbili na zaidi.

Wapo wanaopaswa kukaa mbali na kundi hili, hata muuzaji akikuapia kwamba wote wanaishi pamoja. Samaki malaika akishakua anawameza neoni. Samaki wa dhahabu ni wa maji ya baridi, anachafua sana, na chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Wale wa rangi kali wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ni wagomvi, tena maji yao ni ya alkali, wakati tetra wametoka kwenye maji laini (yasiyo na chokaa nyingi) yenye asidi kidogo. Wape tangi lao peke yao.

Hapo tumeshaingia kwenye maji, na maji ndiyo kazi yenyewe. Nairobi ina bahati, kwa sababu maji mengi ya bomba yanatoka Ndakaini, milimani, na ni laini. Dar maji ya bomba yanafaa, lakini visima vingi vina chumvi, na tetra hawatadumu humo. Kama huna maji mengine zaidi ya ya kisima cha chumvi, fuga gapi: hatembei kwa kundi kama tetra, ila ni mpole, ana rangi nyingi, na maji magumu anayapenda. Njia nyingine ni kuvuna maji ya mvua. Acha mvua za kwanza zisafishe bati, kinga zinazofuata, kisha changanya na ya bomba. Maji ya bomba yenyewe yana klorini, kwa hiyo yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana yakipigwa pumzi na pampu ndogo, au tumia dawa ya kuondoa klorini, inayofanya kazi kwa dakika chache.

Watu wa pwani, tafadhali msichote mchanga ufukweni. Umejaa vipande vya matumbawe na makombe, ambavyo ni chokaa, na chokaa hiyo itayageuza maji kuwa magumu siku hadi siku. Mchanga wowote utakaoununua au kuuchota mtoni upime kwanza: weka kijiko kimoja kwenye kikombe, udondoshee siki. Ukitoa povu, una chokaa, uache. Usipotoa, uoshe mara nyingi mpaka maji yanayomwagika yawe safi kabisa.

Pwani tumejaliwa pia mkungu, ule mti wa kivuli wenye matawi ya ngazi ngazi. Majani yake makavu wafugaji wa nchi nyingine huyanunua kwa fedha, na sisi tunayafagia. Okota yaliyoanguka yenyewe yakiwa ya kahawia, mbali na barabara na mahali panapopulizwa dawa, yasuuze, weka moja kwa kila lita hamsini hivi. Siku mbili tatu litazama, na maji yatapata rangi ya chai nyepesi, kama yalivyo maji ya msituni walikotoka hawa tetra. Humo ndani buluu ya kadinali inawaka. Jani linapobaki mishipa mitupu, litoe uweke jingine.

Kuhusu tangi lenyewe sina mengi. Urefu una maana kuliko kimo, kwa sababu samaki hawa wanaogelea kwenda na kurudi, si juu na chini. Lita sitini zinaanzisha kundi dogo, lita mia ni bora. Meza iwe imara: lita mia ni kilo mia za maji, bado kioo na mchanga.

Mimea anza na ile isiyodai mengi. Anubias, ambayo ni ya kwetu Afrika, Magharibi na Kati, ifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, na usizike lile shina lake nene linalolala, maana litaoza. Vallisneria ipande nyuma, itatambaa yenyewe. Cryptocoryne ikihamishwa majani yake huyeyuka na mtu hudhani imekufa. Iache hapo hapo, mizizi iko hai na majani mapya yatatoka. Taa saa saba au nane kwa siku zinatosha. Usiweke tangi dirishani penye jua, utafuga mwani. Acha uwazi mbele kwa ajili ya kuogelea na msitu nyuma kwa ajili ya kujificha. Ajabu ni kwamba samaki wenye pa kujificha ndio wanaojitokeza zaidi.

Ukishapanda, subiri. Uchafu wa samaki unatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea inaila. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sponji ya filta na mchangani, huku ukiwatilia chembe za chakula cha samaki kila siku. Ukipata kipande cha sponji kutoka filta ya rafiki ambaye tangi lake ni la siku nyingi na samaki wake ni wazima, muda huo unapungua sana. Na sponji isioshwe bombani, klorini itaua bakteria wote. Ikamue ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi lile lile. Kila wiki badilisha robo ya maji.

Siku ya kuleta samaki, acha mfuko uelee juu ya maji robo saa ili joto lilingane, halafu ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa nyingine. Wahamishe kwa wavu na maji ya dukani yamwage nje. Wenye chombo cha pili wawatenge wageni wiki mbili au zaidi. Neoni wengi wanaouzwa wamezalishwa mashambani, na kuna ugonjwa wa vijidudu unaowapata ambao hauna tiba: doa jeupe mwilini, mgongo kupinda, na samaki kujitenga na wenzake. Ndiyo maana nahesabu kundi kila wakati wa kulisha. Tetra anayekaa peke yake pembeni wakati wenzake wanagombania chakula ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, mtoe siku hiyo hiyo. Ila ukiwasha taa alfajiri ukawakuta wamepauka wote, usishtuke. Usiku rangi yao hufifia, na itarudi baada ya muda mfupi.

Chakula kiwe kidogo na laini, kwa sababu midomo yao ni midogo mno. Sage kati ya vidole. Mara moja moja wape viluwiluwi vya mbu, hakuna wanachokipenda zaidi. Ndoo ya maji ya mvua kivulini itavileta yenyewe. Chuja kila siku ya pili bila kukosa, kwa kitambaa chepesi, na siku usiyokuwepo imwage ndoo kabisa juani, maana kiluwiluwi kikiachwa wiki moja hivi ni mbu, na malaria na dengi tunazijua.

Umeme ukikatika, usilishe. Chota maji kwa kikombe uyamimine tena kutoka juu, mara kwa mara, ili hewa iingie. Pampu ya betri ni bora ukiimudu.

Baada ya miezi michache utakuwa unapunguza mimea kila mara. Wape wengine, au ianike juani mpaka ikauke kabisa ndipo uitie kwenye mboji. Usiitupe mtaroni wala mtoni, na samaki vilevile. Gugumaji nalo lilikuwa ua la mapambo kabla halijafika Ziwa Victoria.