Mtaro unafurika kila mvua, tuweke kalavati kubwa zaidi?

SWALI: Habari injinia, mimi niko Kilosa. Nyumba yetu iko upande wa chini wa barabara ya mtaa, mvua ikinyesha hata nusu saa tu maji yanaingia hadi sebuleni. Pale barabarani kuna kalavati la bomba la kupitishia maji chini ya barabara, kipenyo milimita 600, mtaa mzima tumechangishana tuling'oe tuweke la 900. Fundi anasema tukiweka hilo basi tatizo limekwisha. Ni kweli?

JIBU: Pole sana dada, kulala unasikilizia mvua sio kitu cha kuzoea. Ila hiyo hela ya mchango nawaomba msimpe fundi kwanza, maana bomba la 900 linaweza kuwasaidia na linaweza lisiwasaidie kabisa, inategemea maji yenu yanaishia wapi.

Anza na hilo mlilonalo. Shuka mtaroni siku ya jua, chukua kijiti upime kutoka juu ya bomba mpaka kwenye mchanga. Makalavati mengi ninayochungulia yamejaa mchanga nusu, juu yake chupa za plastiki, majani ya migomba na kipande cha kandambili. Na mchanga ukifika nusu watu wanadhani wamebakiwa na nusu ya bomba, hapana, mnabaki na theluthi na kidogo tu kwa sababu maji yanabanwa yanasugua mchanga chini na zege juu, yanapoteza mwendo. Bomba safi la 600 lililolazwa kwa mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100 linapitisha kama lita 600 kwa sekunde. Likijaa nusu ni lita 220 hivi. Kwa hiyo inawezekana kabisa mnachohitaji kwanza ni makoleo na siku mbili za kazi.

Sasa hesabu ya maji yanayokuja. Sisi tunachukua eneo linalomwaga maji kwenye huo mtaro kwa hekta, tunazidisha kwa ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, tunazidisha na sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini, halafu tunagawa kwa 360, jibu linakuja kwa mita za ujazo kwa sekunde. Tuseme juu yenu kuna hekta 10 na mvua ni ya milimita 80 kwa saa. Zamani pakiwa mashamba, labda sehemu 0.3 ndio inatiririka, unapata kama lita 670 kwa sekunde, bomba la 600 linakaribia kuyamudu. Leo pamejaa mabati, zege na pevingi, weka 0.65, unapata lita 1,440. Unaona? Mvua ni ile ile, tulichobadilisha ni ardhi.

Bomba la 900 kwa mteremko ule ule linapitisha kama lita 1,800, kwa hiyo fundi wako hajakosea sana. Lakini (na hapa ndipo hela za watu zinapopotea) mteremko ukiwa sentimita 25 tu kwa mita 100, uwezo unakatika nusu, mnabaki na lita 900 na mafuriko yako pale pale. Na Kilosa kuelekea mto Mkondoa ni tambarare sana. Chukueni ule mpira wa mafundi wa kusawazisha levo, jazeni maji, mpime kutoka kalavati mpaka pale mtaro unapomwaga. Muulizeni pia mzee anayekaa karibu na mto maji yakijaa yanafika wapi, maana mto ukiwa juu kuliko mdomo wa mtaro, maji yanarudi kinyumenyume na hata mkiweka bomba la mita 2 halisaidii. Mnakumbuka mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mto ulivyovunja tuta, maelfu ya watu wakahama na reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Maji ya aina hiyo hayahusiani na kalavati la mtaa, msichanganye.

Kuna mji mmoja niliitwa baada ya kazi kuisha, walitanua kalavati vizuri tu ila mtaro wa chini wakauacha mwembamba vile vile. Mvua ya kwanza maji yakavuka barabara kwa kasi yakaingia kwa mama mmoja ambaye miaka yote nyumba yake ilikuwa kavu. Iliniuma sana. Kwa hiyo kagueni mtaro kuanzia mwisho mkipanda juu, msianzie barabarani.

Wakati huo huo kila nyumba ikinge maji yake. Bati la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 50 linatoa lita 5,000, hilo ni simtanki zima ambalo halitafika mtaroni. Upande wa juu wa kalavati, kule maji yanakotokea, chimbeni shimo la kukamatia mchanga, mlizoe kabla ya masika, na anayejaza kifusi kiwanja chake aambiwe aache njia ya maji, maana kifusi chake kinamsukumia jirani maji.

Barabara ya mtaa iko chini ya TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini), msiichimbe bila kibali chao. Nendeni na vipimo mkononi pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Nitumie kina cha mchanga, urefu wa mtaro na tofauti ya levo, nikupigie hesabu yenyewe.