Vitafunwa vya Wageni: Uliza Kwanza Wanaamkia Nini

Mara ya kwanza nilipojitolea kuandaa vitafunwa vya mkutano wa asubuhi wa watu 15, nilikesha jikoni nikioka mikate ya mdalasini, keki ndogo za ndizi na biskuti za siagi, nikiamini kwamba hakuna awezaye kukataa kitu kitamu kilichotoka motoni. Sinia la mikate ya mdalasini lilirudi likiwa limepungua vipande vitatu tu, na mgeni mmoja kutoka kusini mwa India akaniuliza kwa upole kama palikuwa na chochote chenye chumvi. Hapakuwa na kitu.

Baadaye nilitambua kwamba kinywa cha asubuhi ni kikaidi kuliko cha jioni: mtu atakayeonja chakula kigeni usiku bila wasiwasi, asubuhi hutaka alichokizoea tangu utotoni. Waitaliano wengi hutosheka na kahawa na kitafunwa kitamu, ilhali staftahi ya jadi ya Kijapani ni wali, supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa) na samaki wa kuchoma. Waturuki hupanga jibini, zeituni, nyanya, matango na mayai, na hata jina lao la mlo huo, kahvaltı, maana yake ya asili ni kile kinacholiwa kabla ya kahawa.

Tofauti hizo hazingoji mpaka wa nchi. Kaskazini mwa India, ambako ngano hustawi, utakuta paratha, aina ya chapati, zilizojazwa viazi na kuliwa kwa mtindi. Kusini, penye mpunga, watu huamkia idli (vikate vya mvuke) na dosa (chapati nyembamba za maji) za mchele na jamii ya kunde, vilivyosagwa na kuachwa vichachuke usiku kucha. China nako kaskazini hupenda vyakula vya ngano, na kusini uji wa mchele ni jambo la kila siku. Kwa hiyo kujua tu kwamba mgeni ametoka nchi fulani hakutoshi.

Kwa uzoefu wangu, kuwauliza wageni wanapenda nini ni kupoteza muda, kwa sababu kila mmoja, kwa adabu, atajibu kuwa anakula chochote. Uliza badala yake, “Leo asubuhi umekula nini?” Jibu la swali hilo ni la kweli, na majibu matano au sita yanatosha kukuonyesha sinia lako lielemee wapi. Hapo hapo uliza pia kama yupo anayedhurika na karanga, maziwa, mayai au ufuta.

Siku hizi nakanda donge moja linalokubali chumvi na sukari. Kwa kilo 1 ya unga wa ngano natia gramu 5 za hamira kavu, gramu 15 za chumvi, gramu 40 za sukari, mililita 60 za mafuta na takriban mililita 600 za maji, kisha nakanda hadi unga uwe laini na uache kunata mikononi. Hamira ni kidogo kwa makusudi, maana donge linalala kwenye friji hadi alfajiri na kuumuka taratibu. Asubuhi naligawa: sehemu moja naipaka siagi, sukari na mdalasini, nyingine naijaza jibini na vitunguu vilivyokaangwa kwa moto mdogo hadi vikawa rangi ya asali. Vitunguu hivyo lazima vipoe na vikauke kabisa. Nilipoviweka vingali moto, vilitoa maji, na mikate ikaiva juu huku chini ikibaki mbichi. Baada ya kukunja na kukata, naviacha vipande hadi nikivibonyeza kwa kidole shimo lijirudie polepole, ndipo naviingiza kwenye oveni yenye nyuzi joto 190 kwa dakika 20 hadi 25.

Mezani nakata kipande kimoja cha kila aina ili wageni waone kilichomo bila kulazimika kuuliza. Mikate ya chumvi ndiyo huisha kwanza, nami sasa naligawa donge mafungu matatu, mawili ya chumvi na moja la sukari. Fungu moja la chumvi hupata pilipili mbichi iliyokatwakatwa, na yule mgeni wangu wa kusini mwa India huanzia hapo.