Maswali yenu kuhusu China: bei, yuan, parachichi na bandari

Barua nyingi za karibuni zinaihusu China, nyingine zimejaa hofu, nyingine matumaini makubwa mno. Nimechagua tano.

Nauza paneli za sola Kariakoo. Kila mzigo mpya unakuja na bei ya chini kuliko uliopita. Serikali ya China inawalipia au vipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Inawasaidia, lakini ruzuku peke yake haielezi bei hiyo. Kiwanda cha China kinapouza nje hurejeshewa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 13. Kwa paneli, marejesho hayo yalishushwa hadi asilimia 9 kuanzia Desemba 1, 2024, kisha ikatangazwa kuwa yanafutwa kabisa kuanzia Aprili 1, 2026, maana yake Beijing yenyewe imebana. Kinachosukuma zaidi ni ushindani wa majimbo na miji. VAT hugawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na serikali ya mahali kiwanda kilipo, basi kila meya anakitaka kwake. Anatoa ardhi kwa bei poa, anazungumza na benki, na kiwanda kikianza kula hasara hataki kifungwe. Viwanda vimekuwa vingi kuliko wanunuzi. Bei za bidhaa zinapotoka kiwandani zilianza kushuka Oktoba 2022, na zikaendelea kushuka kwa zaidi ya miaka 2.

Wanunuzi wa ndani wako wapi? Hapa ndipo panaponiuma. Matumizi ya kaya za China ni kama asilimia 40 tu ya pato la taifa, wakati Marekani yanakaribia 70. Mamilioni ya watu waliotoka vijijini kufanya kazi mijini bado wameandikishwa kwao kijijini, hivyo matibabu, shule za watoto na pensheni za mjini hawavipati sawa na wenyeji. Mtu wa hali hiyo lazima aweke akiba. Asichonunua yeye kinapakiwa kwenye kontena, na mwaka 2024 mauzo ya China nje yalizidi manunuzi yake kwa karibu dola trilioni 1. Bei unayoifurahia, sehemu yake imelipwa na mfanyakazi aliyejinyima.

Kwa biashara yako: usijaze stoo, maana bei ikishuka tena mzigo wa zamani utakuganda mkononi. 

Na nondo za China, mbona nazo zimeshuka? (Fundi, Mwanza)

Sababu ni nyumba. Mwaka 2020 Beijing iliwabana wajenzi wakubwa wenye madeni. Evergrande, mmoja wa wajenzi hao, ikashindwa kulipa mwaka uliofuata, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Ujenzi ulipolala, chuma kikatafuta soko nje: zaidi ya tani milioni 110 mwaka 2024. Viwanda vyetu vya chuma vina haki ya kulalamika, na ushuru wa kuvilinda mimi nauunga mkono.

Mwenye kiwanda mjini Yiwu, China, ananiambia nilipe kwa yuan, fedha ya kwao, badala ya dola. Nikubali? (Mfanyabiashara, Mombasa)

Kubali, kama benki yako inaweza kutuma yuan na bei mliyopatana ni nzuri. Yuan haielei huru. Kila asubuhi Benki Kuu ya China hutangaza kiwango elekezi dhidi ya dola, na soko la ndani haliruhusiwi kuvuka asilimia 2 juu au chini yake siku hiyo. Hiyo inapunguza mshtuko wa ghafla. Serikali yako nayo imeshahama: Oktoba 2025 Kenya ilibadilisha mikopo mitatu ya China iliyojenga reli ya kisasa, SGR, kutoka dola kwenda yuan, na Waziri wa Fedha John Mbadi akasema hatua hiyo itaokoa dola milioni 215 kwa mwaka.

Tahadhari kubwa ni njia ya kutuma. China inadhibiti vikali fedha za kigeni, na raia wake haruhusiwi kubadilisha zaidi ya thamani ya dola 50,000 kwa mwaka. Ukipitisha hela kwa dalali ikaingia akaunti ya mtu usiyemjua, polisi wa huko wanaweza kuifunga akaunti ya muuzaji, na mzigo wako usitoke. Lipa akaunti ya kampuni, yenye jina lile lile lililo kwenye ankara.

Nalima parachichi Rungwe. Tumeambiwa China imefuta ushuru. Naanzaje? (Mkulima, Mbeya)

Dada yangu, ushuru umefutwa kweli. Tangu Desemba 1, 2024 bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni zaidi zilizo na uhusiano wa kibalozi na China, Tanzania ikiwemo, zinaingia bila ushuru. Lakini tunda halizuiwi na ushuru. Linazuiwa na inzi wa matunda.

Parachichi mbichi huingia China kwa itifaki maalumu ya afya ya mimea, na ya Tanzania ilisainiwa Novemba 2022 Rais Samia alipozuru Beijing. Shamba lako na kituo cha kufungashia vyote viwe vimesajiliwa na kukubaliwa na Mamlaka ya Forodha ya China, na mzigo uwe na cheti cha TPHPA, mamlaka ya Tanzania ya afya ya mimea na viuatilifu. Mkulima wa ekari 2 hawezi kuyabeba hayo peke yake. Anza na ushirika au kampuni yenye kituo kilichokwisha sajiliwa, na uliza uone usajili huo kabla hujampa mtu tunda. Na tafadhali, mkatalie dalali anayekuja kuvuna changa. Tunda lisilokomaa haliivi, husinyaa njiani, na jina linaloharibika sokoni ni la wakulima wote wa Nyanda za Juu Kusini.

Je, ni kweli Wachina watachukua bandari ya Mombasa? (Msomaji, Nairobi)

Uvumi huo, kwamba bandari itachukuliwa kwa deni la SGR, ulishika kasi mwishoni mwa 2018, na bandari bado ni ya Kenya. Mfano unaotajwa kila mara ni Hambantota, Sri Lanka, iliyokodishwa kwa kampuni ya China kwa miaka 99 mwaka 2017. Lakini haikunyang'anywa kwa kushindwa kulipa deni lake. Sri Lanka ilipata dola bilioni 1.12, ikazitia kwenye akiba ya fedha za kigeni kwa sababu ilikuwa imebanwa hasa na hatifungani, yaani hati za mkopo, zilizouzwa masoko ya kimataifa, na mkopo wa bandari ukabaki pale pale.

Mimi nahofia zaidi usiri. Sehemu ya mikataba ya SGR ilitolewa hadharani Novemba 2022, reli ikiwa imeshafanya kazi miaka 5, na ndipo Wakenya wakasoma kwamba migogoro itaamuliwa Beijing na kwamba masharti yalipaswa kufichwa. Mbunge wako muulize kuhusu mkopo unaofuata, kabla haujasainiwa.