Maua ya ndani Lamu: angalia maji kabla ya kulaumu ua

Ncha za majani zikikauka na kugeuka kahawia huku udongo ungali na maji, usikimbilie kumwagilia zaidi. Hapa kwetu mara nyingi ni chumvi. Maji matamu ya mji huu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kijiji jirani, na kisima kikichotwa kupita kiasi maji ya bahari hujipenyeza. Sisi tumeshayazoea, hata kwenye chai hatuyasikii. Ua lililo chunguni halina pa kukimbilia: maji hukauka, chumvi hubaki. Chungulia mdomo wa chungu cha udongo uone ule weupe uliotokeza kama unga, ndiyo hiyo.

Mimi hukinga maji ya mvua wakati wa masika, madumu yake ni ya maua tu, na nyumbani wanajua. Yakiisha, nasafisha udongo: namimina maji ya kisima mengi mpaka yatoke kwa wingi tunduni, nangoja kidogo, namimina tena. Kutia kikombe kimoja kila asubuhi ndiko kunakorundika chumvi. Afadhali uchomeke kidole, ukikuta unyevu uache, ukikuta pakavu utie ya kutosha. Kaskazi ikivuma udongo hukauka upesi. Kusi ikiingia na mvua zake, punguza mkono.

Udongo nao una mitego. Mchanga wa ufuoni usiuguse. Makumbi ya nazi ni mazuri kwa kulegeza udongo, lakini yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, yameshiba maji ya bahari; yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa. Samadi ya punda haitupungukii, ila iwe imeoza kabisa. Mbichi huunguza mizizi.

Kuhusu mwanga, nyumba za mawe zina kuta nene na ndani mna giza. Najua chungu kinapendeza kwenye kidaka, ile rafu iliyochimbwa ukutani, lakini zidaka ziachie vyombo vya kaure. Ua likikaa humo hurefuka shingo na kupauka. Weka karibu na kiwanda, ule uwanja wa wazi wa ndani ya nyumba, penye mwanga lakini jua la adhuhuri lisifike. Anayeanza nampa sansevieria au zamiokulkasi, zote za Afrika yetu hii. Zamiokulkasi huweka akiba ya maji kwenye viazi vyake chini ya udongo, kwa hiyo ukisafiri Mombasa wiki mbili utaikuta.

Visahani vya chini ya vyungu vimwage, usiache maji yakalala. Homa ya chikungunya ya mwaka 2004 iliwapata takriban robo tatu ya watu wa mji huu kwa mbu wanaozaliana kwenye maji ya ndani ya nyumba, na kisahani kinawatosha.

Paka je? Tandaza kokoto juu ya udongo, kubwa kubwa, asiweze kuchimba. Vipande vya matumbawe hapana, vina chokaa. Mrehani na asumini wala usihangaike kuziingiza ndani, zipandishe juu darini zipate jua.