Kabureta ipi, manifoldi ipi? Majibu kwa wenye V8 za zamani

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji walioko ughaibuni wenye magari ya Kimarekani ya miaka ya 60 na 70 yenye injini za V8, yaani za silinda nane. Kwa asiyejua: kabureta huchanganya hewa na petroli, na manifoldi hupeleka mchanganyiko huo kwenye silinda. Naanza na lile ninaloulizwa kuliko yote.

Fundi, nina Camaro ya 1969, injini ya 350 ambayo haijaguswa, gia otomatiki. Jamaa ananiuzia kabureta ya Holley 750 ya pampu mbili kwa bei ya kutupa. Niichukue? (Houston)

Iache, ndugu yangu, hata akikupa bure. Shika kikokotoo. Zidisha ukubwa wa injini, inchi za ujazo 350, kwa mizunguko ya juu kabisa utakayofika, tuseme 5,500 kwa dakika, kisha gawa kwa 3,456. Unapata kama 557. Hizo ni futi za ujazo za hewa kwa dakika endapo kila silinda ingejaa kabisa, na injini ya barabarani haijai hivyo. Ukichukua asilimia 85, unabaki na 473 hivi. Sasa hiyo 750, yaani inayopitisha futi za ujazo 750 kwa dakika, utaifanyia nini?

Watu wengi hudhani kabureta kubwa huongeza nguvu. Kinachovuta petroli ni kasi ya hewa inapopita kwenye shingo nyembamba ya kabureta. Shingo ikiwa pana kuliko pumzi ya injini, hewa inapita polepole na petroli haivutwi vizuri. Ukikanyaga mafuta kwenye taa za barabarani, gari linazubaa, linakohoa, ndipo linaondoka. Hiyo ya pampu mbili inazidisha tatizo, kwa kuwa matundu yake ya nyuma yanafunguliwa na mguu wako, injini iwe tayari au isiwe tayari. Inafaa gari jepesi la mashindano lenye gia za mkono.

Tafuta ya 600 ambayo matundu ya nyuma yanafunguliwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini yenyewe. Hufunguka pale tu injini inapohitaji hewa zaidi. Kwa Camaro yako inatosha kabisa.

Yangu ni Chevelle yenye Quadrajet iliyotoka nayo kiwandani. Kila mtu ananiambia niitupe. (Columbus, Ohio)

Wanaokuambia hivyo wamekutana na zilizochezewa na mafundi wasiozijua. Quadrajet ni kabureta ya akili sana. Matundu ya mbele ni madogo, kama milimita 35, kwa hiyo kwenye mwendo wa kawaida haili mafuta ovyo. Ya nyuma ni makubwa, kama milimita 57, lakini juu yake kuna kibao kinachoachia hewa kulingana na mvuto wa injini. Ndiyo maana nyingi ziliandikwa 750 na bado zilikwenda vizuri kwenye 350, ambapo Holley ya pampu mbili ya ukubwa uleule ingesumbua.

Angalia ekseli ya vibao vya chini: ukiitikisa na ikacheza, inaingiza hewa ya wizi. Angalia pia vizibo vilivyo chini ya bakuli, kwani hupenda kuvuja. Vyote viwili vinatengenezeka. Ukibadilisha manifoldi, nunua ile iliyotobolewa kwa matundu ya saizi mbili.

Manifoldi ya ngazi mbili au ya chumba kimoja? (Minneapolis)

Ngazi mbili, yaani ile yenye njia zilizogawanywa za juu na za chini. Ile ya chumba kimoja huanza kuonyesha uwezo wake injini ikishapita mizunguko 3,000 hivi, na mjini hufiki huko mara nyingi. Kabla ya kununua, pima nafasi ya boneti. Weka mabonge ya udongo wa kuchezea watoto juu ya kifuniko cha chujio la hewa, funga boneti taratibu, fungua, kisha pima unene uliobaki. Manifoldi mpya ikiizidi ya zamani kwa urefu unaopita unene huo, itagusa.

Assalaam alaykum. Mustang yangu ikizimwa joto likiwa kali, haiwaki mpaka ipoe. Je, kabureta imekufa? (Muscat)

Wa alaykum salaam. Huenda ni nzima kabisa. Izime ikiwa moto, subiri dakika chache, toa chujio na umulike ndani kwa tochi. Usiwe na sigara wala moto karibu. Ukiona petroli inadondoka ndani ya matundu wakati injini imelala, basi inachemka kwenye bakuli na kufurika. Weka kipande kinene kisichopitisha joto kati ya kabureta na manifoldi, na usogeze bomba la petroli mbali na ekzosi. Pima pia presha ya pampu: Holley hupenda 5 hadi 7 psi (pauni kwa inchi ya mraba), Edelbrock haitaki zaidi ya 6.5.

Kwa hali ya hewa ya Oman, unaweza pia kuziba njia ya moshi inayopasha manifoldi chini ya kabureta. Kama choki yako (kibao kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi) inategemea joto hilo, badilisha iwe ya umeme.

Nimehamia Denver kutoka pwani. Sasa plagi zinakuwa nyeusi. (Denver)

Uko mita 1,600, yaani kama futi 5,280, juu ya bahari. Hewa ni nyepesi na petroli inaingia ileile, kwa hiyo mchanganyiko umekuwa mzito. Kwa Holley, shusha jeti (kitundu kinachopima petroli) namba moja kwa kila futi 2,000: kama zilikuwa 66, jaribu 64. Pima pia vakyumu gari likiwa limewaka, mguu kwenye breki na gia kwenye D. Namba ya valvu ya nguvu, ile inayoongeza petroli ukikanyaga sana, iwe kama nusu ya namba utakayoisoma.

Baba mkwe kaniachia GTO ya 1966 yenye kabureta tatu. Niweke moja kubwa? (Toronto)

Hapana, tafadhali. Mwaka 1966 ndio wa mwisho kwa GTO kutoka na Tri-Power, yaani hizo kabureta tatu. GM, kampuni mama ya watengenezaji wa GTO, ilizipiga marufuku kabureta nyingi kuanzia magari ya 1967, isipokuwa kwa Corvette na Corvair. Kwenye mwendo wa kawaida ya katikati tu ndiyo inayofanya kazi. Za pembeni huamka ukikanyaga sana. Anza na gasketi na boya la hiyo ya katikati, kisha hakikisha za pembeni zinafunga kabisa ukiachia mguu.